Kibakuli cha Rosamund

Kibakuli kilikuwa kimejaa nywele, na Lettice alikuwa hajachana tangu jana asubuhi.

Kilikuwa cha kaure, kifuniko chake kimetobolewa tundu katikati, na pale mjini Lincoln, Uingereza, kila mwanamke mwenye meza ya kujipambia alikuwa nacho. Ukishachana unazitoa nywele zilizonasa kwenye brashi, unazizungusha kidoleni, unazisokomeza tunduni. Hazitupwi. Zikitosha unazisokota donge, unalificha ndani ya shungi, watu wakuone umejaaliwa. Donge lenyewe waliliita panya, na hakuna aliyeona haya kutembea na panya kichwani, mradi kichwa kionekane kikubwa.

Ila panya wa Lettice hakutokana na nywele zake, na hapo ndipo alipojiponza. Zake zilikuwa haba, zikiishia mabegani. Aliolewa na Ambrose Garland, mfanyabiashara wa sufu aliyefiwa na mke, na mke huyo, Rosamund, alikuwa na nywele za kumfika nyuma ya magoti. Picha yake ilitundikwa chumba cha kulia, nywele zimefunguliwa zote. Wageni walikuwa wakisahau chakula wakiitazama. Ambrose hakuwa mkali, na afadhali angekuwa mkali. Alikuwa akimwangalia mke wake mpya kichwani, anashusha pumzi, kisha anaigeukia picha.

Basi siku moja, wageni wakitarajiwa jioni, Lettice alikikuta kibakuli cha marehemu nyuma ya kabati, kimejaa nywele za hudhurungi kama zake. Akazisokota, akazivaa. Jioni ile Ambrose hakuitazama picha hata mara moja. Lettice maskini alifurahi hadi akataka kulia mbele za watu.

Baada ya hapo nywele zake mwenyewe zikaanza kurefuka. Mwanzoni alimshukuru Mungu. Zilipompita kiuno akaacha kushukuru, maana hata mtoto mdogo anajua nywele hazikui kwa kasi ile. Kichwa kilimuuma, shingo ikawa nzito, joto halimtoki mwilini. Akipita kwenye ngazi alisikia harufu ya siki, siki ile ya kulowekea vitambaa vya kumkandia mgonjwa wa homa, na akiwa amekaa sebuleni akitarizi alisikia huko juu, chumbani kwake, brashi ikipita kwenye nywele ndefu, taratibu, bila kupumzika. Kibakuli kile, alichokiweka sasa mezani kwake, kilijaa hata siku ambazo hakuchana. Ambrose hakusikia chochote. Alikuwa anatafuta mchoraji wa kumchora Lettice na nywele zake.

Jioni moja, saa ile wanawake wanapojiandaa kwa chakula, Lettice aliketi mbele ya kioo, akafungua shungi, nywele zikamwagika hadi zuliani, na kabla hajaunyoosha mkono kuchukua brashi alihisi zinainuliwa nyuma yake, polepole, kwa vidole vya moto vilivyojua kazi yake, vikizigawa, vikizikusanya, vikizivuta mpaka uso wake ukaelekea dari na koo likabaki wazi, na ndani ya kioo hakuona mtu ila zile nywele zilizosimama hewani zenyewe, na ile harufu ya siki ikamjaa puani, na sauti iliyokauka, sauti ya mtu ambaye hajapewa maji, ikamwambia sikioni, "Kata."

Alipoachiwa alianguka. Keziah, mtumishi aliyekuwamo nyumbani mle tangu enzi za Rosamund, alimkuta sakafuni ameshika koo lake.

"Anataka kunikata koo," Lettice alinong'ona.

Keziah alikiona kibakuli kile mezani, akaelewa. Alifunga mlango kwanza. Kisha akapiga magoti, akamweleza kwa sauti ya chini jambo ambalo nyumba ile haikuwahi kulitaja. Rosamund aliuawa na homa. Daktari aliagiza nywele zikatwe, kichwa kipoe. Ambrose akauficha mkasi mfukoni mwake, akakaa kando ya kitanda, na kila mkewe alipomwomba amkatie alimjibu neno moja tu. Akazikwa nazo.

"Hana ugomvi na wewe, bibi," Keziah alisema. "Ni mkasi anaomba. Mpaka leo anaomba."

"Nikizikata, Ambrose hataniangalia tena."

"Najua, mwanangu. Na usipozikata nitakuosha mimi, kama nilivyomwosha yeye."

Akatoa mkasi kwenye aproni, na mlango ukafunguliwa. Ambrose aliuona mkasi mkononi mwa Keziah, uso ukamsawajika. Akamwamuru auweke chini. Kisha akaja akachuchumaa, akazishika zile nywele kwa mikono miwili, mke mwenyewe hakumgusa.

"Ni homa tu, mpenzi," alisema kwa upole. "Utapona nazo."

Keziah akashika ukingo wa meza, kama mtu aliyewahi kulisikia neno lile. Lettice alimwangalia, akajua ni neno lipi Rosamund alikuwa akijibiwa. Hasira ikampanda, na woga wote ukamwishia. Akauchukua mkasi akakata mwenyewe, karibu na ngozi, na kila fungu lilipoanguka chumbani kukasikika pumzi ndefu ya mtu anayetuliwa mzigo. Keziah akakusanya nywele zile pamoja na zilizokuwa kibakulini, akazitupa motoni, na zilipokwisha kuungua harufu ya siki ikatoweka. Lettice akalala kama mtoto.

Ila Keziah, katika kukusanya kwake, lilimponyoka fungu moja. Ambrose aliliokota, akalifungia ndani ya kifuniko cha saa yake ya mfukoni, kama watu wa kwao walivyozoea kutunza nywele za marehemu wao.

Asubuhi Lettice alishuka na kichwa chake kifupi, akala mayai na mkate, akaomba chai tena. Homa imekwisha. Ambrose alikaa ameielekea picha ya ukutani. Akakohoa. Akakohoa tena, akatia vidole mdomoni, akatoa unywele mmoja wa hudhurungi. Akauvuta. Ukaja. Akauvuta kwa mikono miwili, nao ukazidi kuja, na nyuma yake ukaja mwingine, na mwingine, zimelowa, zikijikunja juu ya kitambaa cha meza, na chumba kizima kikanuka siki.

Lettice alisimama. Ule mkasi Keziah alikuwa nao kwenye aproni, akampa, naye akausogeza hadi mdomoni mwa mumewe.

"Nikate?" akauliza.

Ambrose hakuweza tena kuvuta pumzi. Macho yalimtoka, mkono umeing'ang'ania saa yake kifuani, naye akatikisa kichwa kukataa.