Nguzo ya Nyumba ya Liang

Unga wa mbao ulikuwa na unyevu. Nadège aliuokota chini ya nguzo, akaunusa, akautupa. Ulinuka kama bucha.

"Ilunga, mti huu unatoka damu."

"Umeoza tu, chérie," mumewe alijibu, huku msumeno ukiendelea kula.

Walikuwa wafanyabiashara kutoka Lubumbashi, na nyumba hiyo ya kale ya Kichina, kwenye uchochoro nyuma ya mtaa wa Xiaobei, ilikuwa stoo yao ya jinzi. Serikali ya jiji ilikataza isivunjwe, hata mlango usibadilishwe. Lakini maghorofa yalichomoza pande zote, na Liang, mwenye nyumba, naye alitaka lake. Nyumba ikianguka yenyewe, nani atamlaumu? Alimwahidi Ilunga duka kwenye jengo jipya, mradi aikate nguzo ya katikati kimyakimya.

Adhuhuri Liang alikuja kukagua. Ndani ya nguzo ilisikika pumzi nzito, kama ya mtu anayepanda ngazi na gunia mgongoni.

"Laoban, bosi, unasikia?" Nadège alinong'ona.

"Mei shi," Liang alicheka, hamna shida, akaingiza vidole kwenye mkato kupima kina chake.

Mkato ukajifumba. Mifupa ilialika, Liang akapiga yowe, akajinyofoa akiacha vidole humo, na kabla hajaufikia mlango mkono mrefu mweusi ulichomoka kwenye mti, ukamdaka shingo, ukamvuta na kumbamiza kwenye nguzo, ukambamiza tena na tena, mpaka uso ukapoteza umbo na marobota ya jinzi yakalowa damu.

"Yesu wangu! Ilunga, kimbia!"

Ilunga hakusogea. Mkono ulikuwa umeshamshika kifundo cha mguu. Nadège alinyakua shoka, akaupiga ule mti kwa nguvu zake zote, akapiga huku akilia na kuomba, hadi nguzo ikapasuka na kitu cha moto kikampita usoni, kikatoka mlangoni kikicheka kwa raha, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa miaka.

Paa lilishuka kwa kishindo. Likasimama.

Ilunga alikuwa chini ya boriti, mikono juu, ameibeba. Hakutetemeka hata kidogo. Nadège alimkumbatia kiunoni, akamvuta.

"Usinivute, mke wangu," alisema polepole, kwa sauti isiyo yake. "Ni zamu yangu."

Nadège alitazama chini. Vidole vya miguu ya mumewe vilikuwa vimerefuka, vikijipenyeza katikati ya matofali ya sakafu.