Mzigo wa Behewa la Mwisho

Garimoshi dogo lilifika kwenye kona ya kabati, likasita, kisha likajivuta polepole kama linalopanda mlima. Fundi saa alilitazama asielewe. Meza iliyobeba reli ilikuwa sawasawa, betri mpya, na mabehewa yote na mizigo yake hayakufikia uzito wa kikombe cha chai.

Majirani walimtania kwa kumwita Bwana Stesheni, maana sebule yake nusu ilikuwa viti, nusu reli. Raha yake ilikuwa kutengeneza mizigo ya kutia na kutoa. Alichonga kibao chepesi cha kutosha ndani ya behewa, akaachia upenyo wa unene wa kucha kila upande, akakipaka gundi na kukinyunyizia makaa yaliyosagwa, huku kipande cha chuma kimefichwa chini ya makaa. Kushusha ilikuwa kazi ya binti yake, kwa sumaku iliyofungwa uzi. Baba akiamuru, "Shusha!", mzigo mzima unanyanyuka na behewa linarudi tupu. Homa ilimchukua mtoto huyo hata meno ya utoto hajamaliza kung'oa.

Baada ya mazishi, fundi alifanya jambo ambalo mwenye akili timamu halifanyi. Alichota udongo wa kaburi kwa leso, akautengeneza uwe mzigo wa behewa la mwisho. Na huo, peke yake kati ya yote, aliugandisha kwa gundi chini na pembeni. Hakutaka utoke tena.

Sasa nyumba ilinuka udongo uliolowa, na nje kiangazi kimekausha kila kitu. Kisha sauti ikaanza, chini ya mlio wa magurudumu: "Baba, tena." Tusidanganyane, fundi alifurahi. Kila akitoka kazini alikimbilia reli kabla hata ya kuvua viatu.

Lakini mkewe alikuwa anakwisha.

"Mume wangu, kuna kitu kimenikalia hapa," alinong'ona siku moja, kiganja kifuani. "Kikizunguka hicho kidude chako, kinaongezeka uzito."

"Ni majonzi tu, mama."

"Majonzi hayana magoti. Haya nayasikia magoti yake."

Fundi akaahidi kuacha, na kweli akachomoa betri, akaziweka mfukoni, akaketi kumshika mkewe mkono, na hapo hapo, jua likiwaka dirishani, garimoshi lisilo na betri likaanza kwenda, taratibu, kisha mbio, na kila lilipomaliza mzunguko mwanamke yule alizama zaidi kwenye kiti, midomo ikigeuka rangi, mpaka fundi akatoka mbio kumwita mganga, mama mtu mzima aliyeishi mtaa wa nyuma.

Mganga alinusa mlangoni tu. "Huyo si mwanao, fundi. Ni jini la makaburini. Umelibeba mwenyewe, ukalipatia na kiti! Toa huo mzigo."

"Linaongea kwa sauti yake, mama."

"Linaokota maneno yaliyosemwa ndani ya kuta hizi, basi, zaidi ya hapo halijui kitu. Likikuita, usiitike. Ukichelewa, utazika tena."

Fundi akachukua bisibisi yake nyembamba ya saa. Alipoichomeka penye gundi, kilio kikapanda, kilio kile kile cha mtoto aliyeamshwa kabla usingizi haujamtosha, lakini akabanjua, machozi yakimdondokea juu ya udongo, akabanjua tena, mpaka ikabaki pembe moja.

Ndipo sauti ikashuka, ikasema polepole: "Baba, usimwambie mama kwamba niliogopa."

Pembe ikaachia. Nyumba ikanyamaza. Mkewe akavuta pumzi ndefu, kamili, damu ikimrudi usoni, na mganga akaanza kuufunga udongo ili urudishwe makaburini.

Fundi hakusogea. Maneno yale mtoto alimnong'oneza sikioni hospitalini, wakiwa wawili tu, naye fundi hajawahi kuyatamka popote.

"Limesema nini mwishoni?" mkewe akauliza. "Sikulisikia vizuri."

"Hakuna kitu, mke wangu," alisema. "Pumzika."