Wino Kwenye Dole la Purity

Maiti ya Purity, mtoto wa miaka tisa, ilikuwa imelala sakafuni mwa nyumba ya Maxwell, baba yake wa kambo, huko Mkongani. Kichwa kilikuwa kimepasuka. Inspekta Mwanapili alichuchumaa, akaugeuza mkono wa kulia. Dole gumba lilikuwa na wino wa zambarau, wino wa muhuri.

Maxwell hakusumbua. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekiri: alimpiga kwa mchi kwa sababu mtoto alikwenda kumsema shuleni kwamba anampiga. Makonstebo wakaona kesi imekwisha. Mwanapili akauliza habari za wino. Maxwell akasema ni wa karatasi ya suluhu aliyotiwa dole mtoto, na karatasi yenyewe anayo mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu Chengo alimkaribisha ofisini kwa heshima tele. Pedi ya wino ilikuwa mezani pake. Akadai mtoto mwenyewe hamjui sana.

"Jumatatu alikuja kwako na mgongo umechubuka."

"Watoto huanguka, afande."

"Fungua droo."

Karatasi ilikuwa imepigwa taipu vizuri: mtoto amemsamehe baba, mambo yameishia nyumbani, hakuna wa kwenda polisi. Sahihi ya Maxwell. Sahihi ya Chengo. Chini ya sahihi hizo, alama ya dole dogo.

Mwanapili alizijua karatasi hizo. Ya kwanza aliiona kijijini Jego, miaka kumi na mmoja nyuma. Mtoto wa karatasi ile naye alizikwa, na waliotia sahihi wakapandishwa vyeo. Tangu hapo aliwachukia wasuluhishi kuliko wezi.

"Waraka wa walimu unakutaka uripoti ndani ya saa ishirini na nne."

"Hapa tunasitiriana, dada. Na Ijumaa wakaguzi wanakuja kuipandisha shule daraja. Niwapokee na polisi langoni?"

"Ukamrudisha kwa huyo huyo."

"Aliapa mbele yangu."

Mwanapili akaliweka mezani daftari la Purity. Hati safi, jina limepigiwa mstari kila ukurasa.

"Alijua kuandika. Mbona akatia dole?"

Chengo akatazama dirishani.

"Nakuuliza, mwalimu."

"Nilimpa kalamu," alisema polepole. "Akaitupa. Akasema akiandika atarudishwa nyumbani."

"Halafu?"

"Nikamshika mkono. Nikambonyeza mwenyewe."

Kituoni, Mwanapili alimwekea mwalimu mkuu fomu ya alama za vidole na pedi ile ile, kielelezo cha kwanza cha ushahidi. Chengo akakunja ngumi.

"Lete dole," Mwanapili alisema. "Au nikushike mkono?"