Siku Zilizofutwa Narasawa

Saa mbili na robo asubuhi, tarehe 30 Januari 1893, Mtawa Ryokai wa hekalu la Narasawa alifungua sanduku la vitabu akakuta kimoja kimekatwa ukurasa. Kilikuwa kitabu cha matukio ya mwaka 1873, kilichoandikwa na marehemu mtangulizi wake: nani kazaliwa, nani kafa, kengele imepata ufa lini, shule imefunguliwa lini. Ukurasa wa nne ulikuwa umeondolewa kwa wembe, umebaki ukingo mwembamba tu.

Inspekta Kitazume alifika saa nne, buti zimelowa theluji na roho imeshamkereka. Kesi ya nyumba ya Kurasawa ilipangwa kusikilizwa mjini tarehe 4 Februari, saa nane mchana, na kitabu hicho ndicho kilikuwa shahidi mkuu.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mzee Kurasawa, mwenye kiwanda cha hariri, alikufa bila mtoto wa kiume, akaacha wosia wa mstari mmoja: nyumba na kiwanda ni vya mjukuu aliyetangulia kuzaliwa. Wajukuu walikuwa wawili, watoto wa mabinti zake wawili, na wote walizaliwa majira ya baridi yale yale. Isaku alikulia kiwandani, vidole vimebabuka kwa maji ya moto. Shinpei aliishi Tokyo na alikuwa ameshapata mtu wa kumuuzia kiwanda. Daftari la vizazi la ofisi ya kijiji liliungua zamani. Isaku akishindwa, angetoka pale na nguo alizovaa, na wasichana arobaini waliofanya kazi chini yake wangerudi kwao milimani.

Kitazume alisoma ukurasa wa tatu kwa sauti. "Mwezi wa kwanza, tarehe tano. Binti mdogo wa Kurasawa amejifungua mwana, Shinpei. Tarehe sita. Tumerusha maharage, watoto wamepiga kelele mpaka kichwa kikaniuma." Akafunua. Ukurasa wa tano ulianza mwezi wa nne. "Na Isaku yuko wapi?"

"Hayumo," alisema Ryokai. "Labda alikuwa kwenye huo uliokatwa."

"Kitabu cha mwaka uliotangulia?"

Mtawa aliangalia chini. "Panya wamekila, Inspekta. Naona haya kusema."

"Kina nani wamekishika hiki wiki hii?"

"Isaku, Shinpei na Jumbe Naganuma. Kila mmoja alikuja siku yake. Niliwawekea chai nikaenda kwenye ibada. Ningejuaje?"

"Ungekaa ukawatazama, ungejua."

Saa sita alimhoji Isaku kiwandani, katikati ya mvuke na harufu ya vifukofuko vinavyochemka.

"Nikate ukurasa wenye jina langu mwenyewe?" Isaku alisema bila kuacha kazi. "Mimi mjinga, lakini si kiasi hicho."

Saa nane ikawa zamu ya Shinpei, ambaye alikuwa akipasha miguu moto kwenye makaa.

"Mimi nipo ukurasa wa tatu, tarehe tano," alisema. "Nikate wa nne wa nini? Kama binamu yangu alikuwemo humo, basi alizaliwa nyuma yangu. Ningeutunza kama mboni ya jicho."

Alisema kweli, na hilo lilimkera Kitazume zaidi. Kuukata ukurasa ule hakukumfaa yeyote.

Saa kumi alikuwa kwa Jumbe Naganuma, mkuu wa kijiji, mtu wa masharubu yaliyochanwa vizuri. Binti yake alikuwa amechumbiwa na Shinpei, na hakulificha hilo.

"Unajisumbua bure, Inspekta," alisema akimmiminia chai. "Kuhangaikia ukurasa usio na mtoto hata mmoja? Shinpei yumo, Januari tano, limekwisha."

"Imeandikwa mwezi wa kwanza."

"Si ndiyo Januari hiyo? Mwaka ule kalenda mpya ilikuwa imeshaanza. Mimi nilikuwa karani wa mkoa, nilizunguka vijiji vyote hivi kuitangaza mpaka sauti ikakauka. Ukitaka mwizi, mtafute mwenye wembe anayempenda Isaku. Nenda kwa mkunga."

Kitazume akaenda kwa mkunga. Bibi Tora alikuwa na miaka sabini na nne kwa hesabu ya kwao, na alikuwa amezalisha nusu ya watu wa bonde lile. Alimtolea daftari lenye mafuta ya mikono kila ukurasa. Kwa maandishi makubwa ya mtu aliyejifundisha mwenyewe, liliandikwa: Meiji mwaka wa tano, mwezi wa kumi na mbili, tarehe tisa, Isaku, mzima, analia vizuri.

Kitazume alicheka kwa uchungu. Kila mtumishi wa serikali alilijua jambo hili. Mwaka ule wa tano wa enzi ya Meiji, yaani 1872, ndipo serikali ilipoiacha miezi ya kuandama ikashika kalenda ya jua, na mwezi wa kumi na mbili ukaishia siku ya pili. Iliyofuata ikaitwa Januari mosi, mwaka wa sita, yaani 1873.

"Bibi, tarehe tisa haikuwepo."

"Ilikuwepo. Nilikuwa nimeshika kichwa cha mtoto."

"Mwezi ule ulikuwa na siku mbili."

"Kwenu ofisini. Serikali ilifuta siku, mjukuu wangu. Mimba haikuzifuta."

"Umeliandika juzi, ili Isaku apate."

Bibi Tora alilifunga daftari. "Umenijia nyumbani kwangu kuniita mwongo?"

Kitazume alitoa muhuri wake, akagonga jalada la daftari kwa wino mwekundu: BANDIA. Kisha akamchukua bibi, na wembe wake wa kukatia vitovu, mpaka kituoni.

Siku nne zikapita, na kila moja ilimzidishia ghadhabu. Wembe ule haukulingana na ukingo wa karatasi. Ulikuwa na pengo, na mkato wa kitabu ulikuwa laini. Hakupata shahidi wala ukurasa. Tena, alipokubali kwa shingo upande kwamba bibi aliandika kwa kalenda ya zamani tu, alihesabu akapata kwamba tarehe yake tisa ni Januari saba. Shinpei bado alimtangulia Isaku kwa siku mbili. Kitazume alitupa kalamu ukutani, kisha akaenda kuiokota, maana kituo kilikuwa na moja tu.

Tarehe 3 Februari, saa kumi na moja jioni, kelele za watoto zilisikika njiani. Bibi Tora aligonga mlango wa mahabusu.

"Inspekta, naomba maharage yangu."

"Yapi?"

"Wewe umezaliwa wapi? Leo ndiyo mwisho wa baridi. Watu wanarusha maharage kufukuza mashetani, kisha kila mtu anakula kwa hesabu ya miaka yake. Mimi nadai sabini na nne. Ukinipunja nitajua."

Kitazume alituma yaletwe kutoka duka la jirani. Akaketi kumhesabia moja moja, kwa sababu hakuwa na kazi nyingine yenye maana. Alipofika arobaini na moja, mkono ukasimama.

"Bibi, siku hii huangukia lini?"

"Kwenye kalenda yenu kila mara huwa hivi, mwanzoni mwa Februari. Hii hufuata jua. Zamani, tulipohesabu kwa mwezi, ilikuwa ikihamahama."

"Haiwezi kuangukia Januari sita?"

"Januari sita baridi ndiyo kwanza inakaza. Nani atarusha maharage siku hiyo, mwendawazimu?"

Kitazume aliinuka, akafungua mlango wa mahabusu, na maharage thelathini na matatu yaliyobaki akayamwaga yote mikononi mwa bibi bila kuyahesabu.

Saa tatu asubuhi, tarehe 4, aliwakusanya hekaluni: Ryokai, Isaku, Shinpei, Jumbe Naganuma na Bibi Tora. Alikuwa hajalala vizuri na hakuwa na hamu ya maneno mengi.

"Shinpei, ulizaliwa siku moja kabla ya kurusha maharage. Mtawa marehemu aliandika hivyo kwa mkono wake. Kwa kalenda mpya siku hiyo ni Februari mbili. Yeye aliiita mwezi wa kwanza, tarehe tano, kwa kuwa alikuwa bado anahesabu kwa kalenda ya zamani. Isaku alizaliwa Januari saba. Amekutangulia siku ishirini na sita. Ndiyo maana hayumo humu; alikuwa kwenye kitabu cha mwaka wa tano, kilichoshibisha panya."

Shinpei alikivuta kitabu akasoma tena ukurasa wa tatu.

"Ukurasa wa nne," Kitazume aliendelea, "ulikatwa na mtu aliyejua kwamba ndipo mtawa alipobadili kalenda na kusema kwa nini. Jumbe, uliniambia ukurasa huo hauna mtoto hata mmoja. Ryokai hakujua kilichokuwamo. Isaku na Shinpei walidhani mna jina la Isaku. Wewe ulijuaje?"

"Nilibahatisha," alisema Naganuma.

"Ulizunguka vijiji vyote. Hapa ulimkuta mtawa akiandika tarehe za zamani. Ulimwambia nini?"

Bibi Tora ndiye aliyejibu. "Nilikuwepo. Ulimkaripia mzee wa watu mbele ya kijiji kizima mpaka akatokwa na machozi. Ulikuwa na masharubu machache wakati huo."

Naganuma alitoa pumzi. "Aliandika yote. 'Karani Naganuma amenikaripia. Kuanzia leo naandika kwa kalenda mpya.' Nilimwona akiandika." Aligeukia ukuta. "Ningefanya nini? Binti yangu alikuwa aingie nyumba ya Kurasawa, na mstari mmoja wa mtawa aliyekufa ungemtoa. Nimekata kwa wembe wa ndevu. Nimeuchoma."

"Na mimi ukanipeleka kwa mkunga."

"Hukunilazimisha nikushawishi sana, Inspekta."

Isaku aliinama mbele ya Bibi Tora mpaka paji la uso likagusa mkeka, akabaki hapo.

Saa nane mahakama ilisikiliza, saa kumi ikampa Isaku nyumba na kiwanda, na jioni Kitazume alipanda tena mpaka kwa mkunga kumrudishia daftari. Alikuwa amesugua jalada kwa maji, kwa siki, na kwa kisu. Wino mwekundu ulikuwa umefifia kidogo tu. BANDIA ilisomeka hata kutoka mlangoni.

"Haitoki, Bibi. Nimejaribu."

Bibi Tora alipangusa jalada kwa kiganja, kama apangusavyo uso wa mtoto mchanga. Majina mia saba yalikuwa chini ya neno lile. Akamsogezea wino na brashi.

"Basi andika hapo chini kwamba ulikosea. Weka jina lako, na tarehe."

Kitazume alishika brashi, akasita.

"Kalenda yoyote," alisema Bibi Tora. "Mimi nitaelewa."