Abiria wa Kumi na Mbili

Wivu ulimwingia Osmin Chayax saa kumi na moja na robo jioni, siku ya Alhamisi, mbele za watu, na kuanzia dakika hiyo hakuwa mtu tena.

Gati la Flores, mji wa ziwani, lilikuwa limefurika. Wachuuzi walikuwa wakigombea wateja, bajaji zinapiga honi pale barabara inapoishia majini, na boti za kuwazungusha wageni baa hadi baa zimejipanga ubavu kwa ubavu zikisubiri zamu. Osmin alikuwa nyuma ya boti yake, mkono kwenye mpini wa injini. Mbele alisimama Delmi Cohuoj, kiongozi wa wageni, akiwashika abiria mkono mmoja mmoja wasije wakateleza. Siku hiyo alivaa gauni la njano lisilo na mikono na hereni kubwa za duara, na mdomo ameupaka ile rangi nyekundu ambayo Osmin alishamsihi mara mia aipake nyumbani tu. Delmi humjibu kwamba nyumbani hakuna bakshishi.

Abiria wa kumi na mbili, ambaye ndiye alikuwa wa mwisho, alikuwa bwana wa shati jeupe la kitani na viatu vya ngozi visivyojua matope. Alipopewa mkono hakuuachia.

"Delmi? Ni wewe kweli?"

"Edvin," alisema Delmi.

Osmin alilijua jina hilo. Edvin Pinelo alikuwa mchumba wa kwanza wa Delmi. Miaka tisa iliyopita alikwenda Houston kutafuta maisha, akaahidi kurudi baada ya miwili, kisha akanyamaza kimya. Delmi alimsimulia Osmin habari hizo zamani, tena bila kuulizwa, kama mtu anavyosimulia homa aliyokwisha kupona. Ila hakuwahi kusema kwamba jamaa mwenyewe ni mzuri kiasi kile. Osmin alitazama fulana yake yenye doa la petroli, akatazama shati la kitani, akawasha injini kwa nguvu mpaka mama mmoja wa mji mkuu akashika kofia.

Sasa, kazi ya boti pale ziwani ina sheria zake, na chama cha manahodha hakina mchezo. Nahodha haondoki kwenye boti, hata wageni wake wakae baa saa nzima. Tena hesabu ya kuondoka ni yake, kwa kuwa yeye ndiye anayesimama nyuma akiviona viti vyote. Akisema "Wametimia," kiongozi anafungua kamba. Hakuna anayehesabu mara ya pili baada ya nahodha; kufanya hivyo ni sawa na kumwambia mtu mzima kwamba anasema uongo. Miaka miwili Delmi alikuwa akiuliza, Osmin akijibu, na kamba ikifunguliwa. Mapenzi yao yenyewe yalianzia hapo, kwenye kuulizana na kujibizana.

Baa ya kwanza ilikuwa ya Mama Chayo. Ziwa limepanda likaimeza barabara ya mbele, kwa hiyo meza zake zimesimama majini, na watu wanakunywa bia ya ndimu na pilipili miguu ikiwa imelowa mpaka kwenye vifundo. Edvin alivua viatu, akakunja suruali, akaketi kando ya Delmi. Osmin aliwaona vizuri kabisa. Alivumilia, akavumilia, mwisho akachukua simu.

"Huyo bwana hana wenzake?" aliuliza Osmin, Delmi alipopokea.

"Hujambo na wewe."

"Nimeuliza tu."

"Nahodha, unanipigia simu nami nakuona hapo. Mpenzi wangu, tulia. Nikimaliza nitakwambia kila kitu."

Alikata, akampungia mkono. Mtu mwenye akili timamu angetulia. Osmin alibaki akijiuliza hicho "kila kitu" kina ukubwa gani.

Baa ya pili iko San Miguel, ng'ambo, na ina sakafu ya mbao ya kuchezea muziki. Marimba ilipoanza, Edvin na Delmi hawakucheza. Ingekuwa afadhali wangecheza. Walitoka kwenye kibaraza cha nyuma, wakasimama wakiongea, na jua lilikuwa linazama nyuma yao hivi kwamba Osmin hakuona nyuso, aliona vivuli tu. Kivuli cha mwanamume kikashika mikono ya kivuli cha mwanamke. Cha mwanamke kikainamisha kichwa. Kisha kile cha mwanamume kikainama, kikambusu mwenziwe kwenye paji la uso, au kwenye mdomo, nani atajua kwa umbali ule. Roho ilimuuma Osmin. Kushuka hawezi, kupiga kelele hawezi, na kamba amefunga mwenyewe.

Delmi aliporudi kwenye boti macho yalikuwa mekundu. Osmin alimuuliza kama amelia. Alijibu kwamba ni moshi wa jikoni, kisha akawageukia wageni na kuwatania kama kawaida yake.

Baa ya tatu, Korongo, imejengwa juu ya nguzo kwenye rasi, na haina barabara. Anayefika pale amefika kwa boti. Boti ya Osmin ndiyo ilikuwa ya mwisho siku hiyo, na wahudumu walikuwa wakipangusa meza wapate kwenda zao. Giza lilipoanza kuingia, Osmin alimwona Edvin akitoka kwa mlango wa nyuma, simu ameinua juu, anapanda kilima kutafuta mtandao. Alipotelea mitini. Wageni wakaanza kuteremka ngazi na kuingia botini wakicheka, mmoja baada ya mwingine, na Osmin akawahesabu. Kumi na mmoja. Alihesabu tena, taratibu, ingawa alijua.

Delmi alitoka wa mwisho, mbio, baada ya kuagana na mwenye baa. Akashika kamba bila kugeuka.

"Nahodha?"

Osmin alitazama kile kilima. Hakukuwa na mtu.

"Wametimia," alisema.

Kamba ikafunguliwa.

Dakika kumi zile za kwenda baa ya nne zilikuwa tamu, tusidanganyane. Kiti cha Edvin kilikuwa kitupu, upepo ulikuwa mzuri, na Osmin alipiga mluzi. Alijiambia kwamba wahudumu watambeba kwenye boti yao. Alijiambia kwamba mtu aliyefika Houston hawezi kushindwa na Korongo. Ila walipofika, Delmi aliruka gatini, akaanza kuwashika wageni mikono kama ilivyo kazi yake. Mkono wa kumi na moja ulipopita, alibaki ameunyosha wake.

Wageni walikuwa wameshaingia kunywa. Delmi alitazama viti, akamtazama Osmin.

"Edvin yuko wapi?"

"Unamtafutia nini?"

Hapo ndipo alipojiharibia. Angesema sijui, angesema nimekosea, pengine angepona. Delmi aliushusha mkono wake.

"Ulijua," alisema. "Niliuliza, nawe ulijua."

"Delmi, mtu anakushikashika mbele ya macho yangu, nami nimefungwa hapa kama mbuzi—"

"Baba yangu alikuwa na wivu, Osmin. Mama alikuwa akichelewa sokoni, nyumba haikaliki. Wivu naujua, ningeishi nao. Lakini miaka miwili nakuuliza, na sijageuka hata siku moja kuhakikisha." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomtisha Osmin. "Kamlete. Mimi leo nitawarudisha wageni kwa boti ya mtu mwingine."

Osmin alirudi Korongo peke yake. Taa zilikuwa zimezimwa, boti ya wahudumu imeshaondoka. Edvin alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mwisho, viatu vya ngozi vimejaa tope, anajipiga mbu shingoni. Aliingia botini bila kuangalia anakokanyaga. Mpaka walipofika katikati ya maji ndipo alipoongea.

"Ulinisahau au uliniacha?"

Uongo ulikuwa pale pale, tayari mdomoni. Kusahau mtu kunasameheka.

"Nilikuacha," alisema Osmin.

Edvin alitikisa kichwa. Alieleza kwamba aliposhuka kilimani na kukuta gati tupu, alitaka kumpigia Delmi, lakini Delmi alimnyima namba. Alimnyima kule San Miguel, pale kibarazani, alipomwomba waende Houston pamoja. Delmi alilia, kwa sababu ya miaka ile, akamwambia kwamba ana mtu wake, tena ni mtu anayemwamini. Edvin akambusu kwenye paji la uso, wakaagana.

"Alisema mtu anayemwamini," Edvin alirudia. "Ndiye wewe?"

Osmin alishika mpini wa injini kwa mikono miwili, akatamani maji yammeze.

"Sitakushtaki kwa chama," alisema Edvin walipokaribia taa za mji. "Usinishukuru. Sitaki ahojiwe yeye kwa makosa yako." Alishuka bila kuaga, na keshokutwa yake akapanda ndege.

Kwa hiyo, zaidi yao watatu, hakuna aliyejua. Osmin angeweza kulala na siri hiyo mpaka mwisho wa dunia. Lakini siku ya Jumatatu, chama kilipokutana, alisimama mbele ya manahodha thelathini na tano, wengine wana umri wa babu yake, akasema alimwacha abiria Korongo kwa makusudi na akadanganya hesabu. Wakamwambia atoe boti majini wiki sita, na zamu yake akapewa Wilder Huex, kijana wa meno meupe anayeimba akiendesha. Delmi akapangiwa boti hiyo ya Wilder.

Ee, wiki hizo. Osmin aliigeuza boti juu chini uani kwa mama yake, ukingoni mwa ziwa, akaanza kuikwangua rangi. Simu zake Delmi hakupokea. Alimtumia ujumbe wa sauti wa dakika nne akiomba radhi, akajibiwa kwa neno moja: "Nimesikia." Na kila jioni, saa kumi na mbili, boti ya Wilder ilipita mbele ya ua na taa zake za rangi, na kicheko cha Delmi kikaja juu ya maji kikiwa kizima kabisa. Osmin alijua vicheko vyake vyote: kile cha kazi, kile cha kumtania mtu, kile cha kweli. Aliacha kukwangua, akasikiliza, akijaribu kutambua kipi ni kipi. Usiku alijigeuzageuza kitandani. Mama yake alimwambia wazi kwamba amekonda, na kwamba amejitakia.

Wiki ya tano, Jumatano, Delmi aliingia uani. Alivaa gauni la kijani aliloshona mwenyewe, nywele amesuka msuko mmoja, mdomo hauna rangi. Osmin alikuwa amelowa jasho, amejaa vumbi la rangi mpaka kwenye nyusi. Delmi alichukua ndoo, akaigeuza, akakaa.

"Boti imependeza," alisema.

"Bado ubavu mmoja, halafu rangi."

Akaendelea kukwangua, maana hakujua la kufanya na mikono. Delmi alimwambia kwamba amesikia alichosema chamani, tena si kwa mtu mmoja. Kisha, kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumzia mvua, akamwambia kwamba Wilder amemwalika kula samaki siku ya Jumamosi.

Kikwanguo kilisimama. Halafu kikaendelea.

"Huulizi?" alisema Delmi.

"Nimejizuia."

"Unajisikiaje?"

Osmin aliweka kikwanguo chini. "Kama nimemeza kaa la moto. Nataka kujua alikwambia wapi, alivaa nini, ulicheka au hukucheka. Wivu haujaniisha, Delmi, nikikwambia umeisha nitakuwa nakudanganya tena."

Delmi alikuwa amekuja, nadhani, kusikia hilo tu.

"Kazini nabaki kwenye boti ya Wilder mpaka msimu uishe," alisema. "Hilo halibadiliki. Utaniona nikipita hapa kila jioni, na nitakuwa nacheka."

"Sawa."

"Sawa kweli?"

"Inauma. Lakini sawa."

"Basi uliza."

Osmin alijifuta uso, akajipaka vumbi zaidi. "Ulimjibu nini?"

"Kwamba Jumamosi siwezi. Tuna wageni nyumbani."

"Wageni gani?" Lilimtoka haraka mno, akajiuma ulimi.

Delmi akacheka, kile cha kweli.

"Mama yako alinipigia jana. Aliniuliza, akija kwetu Jumamosi na kapu la mikate na chokoleti, mlango utafunguliwa au atarudi nalo. Ameshaagiza mikate." Pale Flores hakuna asiyejua maana ya kapu hilo, mama wa kijana halibebi mpaka kwa wazazi wa binti ila anakwenda kuposa. "Usigeuke, yuko dirishani anatuchungulia."

Osmin aligeuka, na pazia la jikoni likaanguka. Akakaa chini pale pale kwenye vumbi la rangi, mbele ya ndoo ya Delmi.

"Ukamwambiaje?" aliuliza.

"Nilimwambia sina jibu mpaka nije nikuone," alisema Delmi. Alinyosha mkono, akamfuta vumbi kwenye nyusi kwa kidole gumba, taratibu, jicho moja kisha la pili. "Sasa ingia ndani ukamwambie aje."