Nafasi Kando ya Jina la Ouma

Ouma alikufa kwa homa Jumatatu asubuhi, mwaka wa 1997. Alasiri mama yake aliingia katika duka la kutarizi pale Kondele, leso imekazwa kiunoni, macho makavu.

"Seline, nyathina, mwanangu, nataka kitambaa cha kufunika jeneza. Jina lake tu."

Ouma na Seline, fundi wa duka hilo, walikutana pale pale dukani, siku ya soko, mwaka uliotangulia. Ouma, shati la bluu limenyooka kwa pasi, alileta nembo ya kwaya ipunguzwe itoshe kushonwa mfukoni mwa shati. Seline aliipunguza kwenye mashine ya kompyuta akasahau kupunguza mishono. Nyuzi zikabanana, mfuko ukakakamaa kama ubao.

"Dada, hii ni beji ama ngao?" Ouma aligonga kifua. "Hata risasi haipiti!"

Wateja wakacheka. Seline akamgeuzia mgongo. Ouma akawa anapiga simu dukani kila siku.

"Fundi wangu bado amenuna?"

"Tafuta mwingine."

"Sitaki mwingine. Nataka huyu, na ngao yake."

Seline alicheka bila kutaka. Kufikia Krismasi walikuwa wamechumbiana. Kwa foronya za nyumba waliyotarajia kukodi Kaloleni, Seline alipanga majina mawili ndani ya fremu moja: Ouma kushoto, Seline kulia.

Lakini mahari haikuwa imepelekwa. Ouma alipokufa, Seline hakuwa mke wake mbele ya watu wa kwao, na asiye mke hana mahali matangani.

Alifungua mchoro ule wa foronya kwenye mashine. Akachagua jina lake, akalifuta. Kilichobaki husogezwa katikati, ndivyo kila fundi anavyofanya. Kidole chake kilifika kwenye kitufe cha kusogeza, kikarudi. Sindano ikaanza kushona.

Mama Ouma aliporudi, alikikunjua kitambaa mezani.

"Mbona jina limekaa upande mmoja?"

"Langu lilikuwa hapo, Mama. Nimelitoa kama ulivyotaka. Kusogeza lake nimeshindwa."

Mama alipitisha kiganja pale palipokuwa patupu, polepole, akakaa kwenye benchi la wateja. Ndipo akalia.

"Una nguo nyeusi?" aliuliza baadaye.

"Sina."

"Nitakuletea yangu."

Mazishi yalipangwa Jumamosi, huko Seme. Gari la familia lingepita Kondele kumchukua Seline.