Uwanda Usio na Mabomu

Kuna swali moja ambalo Almasa hakuwahi kulipatia jibu. Yule bibi wa nyumba ya mwisho, pale barabara inapoingia msituni, aliwapa yeye na mumewe jibini iliyofungwa kwa kitambaa cheupe, kisha akainama kwenye dirisha la gari na kumwomba binti yao Nejra aimbe. Wimbo wowote. Mtoto akaimba ule wa shuleni wa sungura na kabichi, na bibi akausikiliza mpaka mwisho akiwa amefumba macho, kama mtu anayeonja kitu ambacho hatakionja tena. Kama alijua kilichokuwa huko juu mlimani, mbona aliwaacha wapite? Na kama hakujua, mbona alitaka kuisikia sauti ya mtoto? Almasa alipokwenda kumuuliza alikuta mlango umetiwa kufuli, na watu wa bondeni wakamwambia kwamba bibi amezikwa wiki iliyopita. Ni vigumu kumhukumu mtu aliye kaburini kwa ajili ya wimbo na kipande cha jibini.

Refik, mume wa Almasa, hakuwa mtu wa maringo, ingawa wengi walidhani anawakimbia kwa kuwadharau. Alifanya kazi kwenye mashine ya kukandamiza chuma mjini Zenica, na hata akiwa nyumbani ile mashine iliendelea kugonga ndani ya masikio yake. Jirani wa ghorofa ya juu alikuwa akitoboa kuta kila Jumamosi. Wa ghorofa ya chini alikuwa akipiga akodioni, kile kinanda cha kuvuta. Basi Refik akanunua gari kuukuu lililokuwa likisambaza mikate, akalitia kitanda, jiko la gesi na mapazia, na kila majira ya joto akawa anatafuta mahali ambapo mtu angeweza kuegesha na kulala asisikie mtu mwingine akikohoa.

"Shemeji," Hasib, kaka yake Almasa, alikuwa akimtania, "ukifa tutakuzika wapi? Makaburini kuna watu."

"Nizikeni mbali, na wewe usije."

"Nitakuja. Nitamchukua na jirani yako na akodioni yake."

Mwaka uliotangulia walikuwa wamekwenda ziwani. Magari yalipangwa ubavu kwa ubavu, moshi wa nyama za watu ukiingia kwenye shuka zao, na mtoto wa jirani akatapika kwenye mkeka wao. Refik alirudi akiwa mgonjwa. Majira yote ya baridi alikaa na simu mkononi akiipekua ramani ya setilaiti, akifuata njia za wakata miti mpaka zinapokufa. Hakutafuta mandhari. Alitafuta mahali pa kijani, pasipo na paa karibu, pasipo na alama nyeusi za mioto ya watu. Siku moja akamwita mkewe na kumwonyesha duara la majani katikati ya msitu, limekaa kama sinia.

"Mbona hakuna mtu?" Almasa aliuliza.

"Ndiyo uzuri wake."

Katika nchi ile, mtu akiona mahali pazuri palipoachwa, hujiuliza jambo moja tu. Vita ilikwisha zamani, lakini mabomu yaliyofukiwa ardhini hayakuambiwa. Refik hakuwa mzembe. Aliiangalia ramani ya mabomu, akampigia simu mtu wa misitu, na walipofika kwa yule bibi akamuuliza tena.

"Bibi, huko juu kuna mabomu?"

"Hakuna, mwanangu. Hata askari hawakupanda huko."

"Umeona?" Refik alimwambia mkewe, uso umemkunjuka kama wa kijana. Almasa alifungua kinywa aulize ni nini basi kilichowazuia askari, lakini hapo ndipo bibi alipoomba wimbo, na wimbo ulipokwisha gari lilikuwa limekwisha kuanza kupanda.

Uwanda ulikuwa kama ulivyoonekana kwenye simu. Majani yalikuwa mafupi na sawasawa, kana kwamba yanaliwa na kondoo, ila hapakuwa na kinyesi hata kimoja. Kulikuwa na mti mkubwa wa jozi na kijito kilichokuwa kikiteremka juu ya mawe. Waliegesha pembeni, chini ya miti. Refik alishuka, akasimama, na Almasa akaona machozi yakimtoka.

"Unasikia?" alimuuliza mkewe.

"Nasikia nini?"

"Hakuna kitu. Almasa, hakuna kitu kabisa."

Ndipo Almasa alipokitazama kijito. Maji yaliruka, yakapiga jiwe, yakavunjika na kutoa povu. Hayakutoa sauti.

Angesema kitu. Lakini hakuwa amemwona mumewe akilia kwa raha tangu siku mtoto alipozaliwa, akaona amwachie raha yake.

Jua lilipokaribia kuzama, Almasa alichemsha makaroni. Mama yake Almasa, aliyekulia kijijini, hakumwaga maji ya moto nje bila kutaja jina la Mungu na kuwaomba ruhusa wale wasioonekana, kisha kungoja kidogo ili wajitoe. Kwenye nyumba za ghorofa maji humwagwa kwenye sinki, na sinki haliombwi ruhusa, kwa hiyo Almasa alikuwa ameiacha desturi hiyo kama watu wanavyoacha nguo za kwao. Refik aliishika sufuria, akashuka nayo, akaiinamisha juu ya majani. Maneno yalimfika Almasa kwenye ulimi, akaona haya kuyatamka, na maji yakashuka.

Kukasikika kilio chembamba cha kitoto kichanga, kikakatika ghafla, kama aliyezibwa mdomo kwa kiganja. Harufu ya nywele zilizoungua ikapanda pamoja na mvuke.

"Ndege tu," Refik alisema.

Nejra alikuwa amekaa kwenye ngazi ya gari. "Baba, umemmwagia mtoto," alisema taratibu.

"Mtoto gani?"

"Alikuwa anacheza hapo. Mama yake anakutazama."

"Anatazama kutoka wapi?" Almasa alinong'ona.

Msichana hakunyoosha kidole. Alirudi ndani, akajifunika shuka mpaka kichwani, asitake chakula.

Almasa aliomba waondoke. Refik akasema njia ni mbaya gizani, wangeondoka asubuhi. Asubuhi ilipofika walikuta gari limesimama katikati kabisa ya uwanda, breki imevutwa, na majani yaliyolizunguka yamelala yote upande mmoja, kama yaliyokanyagwa na wageni wengi wanaozunguka meza. Refik aliendesha moja kwa moja mpaka wakaifikia barabara ya lami.

Nyumbani, ya kwanza kunyamaza ilikuwa saa ya jikoni. Mishale ilizunguka, mlio haukuwapo. Kisha birika likawa linachemka kimyakimya. Jumamosi jirani wa juu alishuka kuomba waya wa umeme, mikono yake myeupe kwa vumbi la ukuta, na Almasa akatambua kwamba tangu asubuhi hakuwa amesikia lolote. Refik akaanza kulala vizuri. Alinenepa. Alikuwa akipiga mluzi bafuni, mluzi pekee uliosikika katika nyumba ile, na kumwambia mkewe kwamba mlima umemponya.

Kisha, siku moja wakinywa chai, midomo ya Nejra ilicheza na hakuna neno lililotoka.

Daktari alimtazama koo, akasema koo ni zima, pengine ni mshtuko. Lakini si koo tu. Mtoto aliangusha sahani, ikavunjika bila mlio. Alikimbia kwenye ukumbi, viatu vyake havikugonga. Na kila ikifika magharibi lengelenge jipya lilimtokea begani, kubwa na lenye maji, kama la mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Alikuwa akilia mdomo umeachama, mishipa ya shingo imemsimama, na chumba kimetulia kama hakuna mtu.

"Ametulia siku hizi," Refik alisema mara moja kutoka sebuleni, mgongo wake ukiwa umewaelekea. Alipogeuka na kumwona mtoto, aliufunika uso kwa mikono. Almasa aliamini, na bado anaamini, kwamba mumewe hakukusudia ukatili.

Jioni moja alikuwa amempakata mtoto dirishani, akimpepea bega kwa kipande cha gazeti, wakati aliposikia wimbo wa sungura na kabichi, ukiimbwa kwa sauti ambayo angeitambua hata kaburini, na akaushusha uso haraka kumtazama Nejra akidhani kwamba sauti imemrudia, akakuta midomo ya msichana imefumbwa na macho yake yametumbuliwa kuelekea chini, kwenye uwanja wa maegesho, ambako gari lao lilisimama na mapazia yake yamefungwa, na wimbo ulitoka humo, ndani ya gari lililofungwa, ukaendelea beti kwa beti mpaka mwisho, kisha sauti ya pili, ya mwanamke, nzito na yenye subira, ikauanza upya katika lugha ambayo Almasa hakuijua, na sauti ya mwanawe ikaitikia, ikajikwaa, ikarekebishwa, ikarudia, kama mtoto anayefundishwa na mama yake mpya jinsi ya kusema nyumbani kwao.

Hasib ndiye aliyemleta Zumra. Alikuwa bula, mwanamke anayewasomea wanawake wenzake misibani, na kabla ya hapo alikuwa mpishi wa shule. Miguu ilikuwa ikimuuma, akaomba kiti kabla ya kuomba kitu kingine. Alimfunika Nejra kitambaa chekundu, akayeyusha kipande cha madini ya risasi kwenye kijiko cha chuma, akashika bakuli la maji juu ya kichwa cha mtoto, akasoma, kisha akaimwaga risasi majini ili umbo lake lionyeshe kilichompata. Risasi ya moto ikiingia majini hulia kama nyoka. Hii haikulia. Zumra aliinua kile kipande kilichoganda, akakigeuza mbele ya taa, akakiweka haraka chini ya kitambaa.

"Umeona nini, bula?" Hasib aliuliza.

"Kichanga. Upande mmoja umeyeyuka." Akawageukia wote. "Nani alimwaga?"

"Mimi," Refik alisema.

Hapo kitambaa chekundu kikasogea, na kutoka kwenye kinywa cha Nejra ikasikika ile sauti nzito iliyosikika garini.

"Wangu halii tena," ilisema. "Huyu mnamtaka. Sisi tulikuwa na ukimya wetu, akaja mtu kuutafuta, akaupata kwa kumchoma wangu. Arudi aishi nao. Akae nasi, naye msichana atashuka na sauti yake."

Zumra alisoma mpaka jasho likamtiririka kwenye mashavu, na mtoto akalala. Kisha akajisugua magoti.

"Nimewahi kuwafukuza wezi," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu si mwizi. Ni mama aliyedhulumiwa, na anajua hivyo. Sina dua ya kumwambia mama kama huyo aondoke."

"Nitakwenda," Refik alisema.

Alikuwa mkweli wakati alipokuwa akiyasema. Kesho yake tairi halikuwa na upepo. Halafu ikambidi ashike zamu ya mwenzake kazini aliyefiwa, halafu ikanyesha. Malengelenge yalitoka begani yakafika shingoni. Zumra akasema kwamba yakifika kinywani hakutakuwa na kitu cha kurudisha. Mchana mmoja wakakaa jikoni, Hasib, Almasa, Zumra na Refik mwenyewe, na ikaamuliwa kwamba atapelekwa siku hiyohiyo na kuachwa, na mtoto awekwe karibu, chini kwenye njia panda, ili sauti isipotee njiani. Refik alitikisa kichwa kukubali. Hasib akachukua ufunguo wa gari la Refik, kisha akauachia uanguke sakafuni.

"Siwezi, dada. Nimecheka naye mno."

Almasa aliuokota.

Alimwacha kaka yake njia panda, Nejra akiwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la Hasib, akapanda na mumewe mpaka uwandani. Jua lilikuwa bado juu. Aliliegesha katikati kabisa, kwa kuwa ndipo palipotakiwa, akazima injini, akamchemshia kahawa kama anavyoipenda, akamwekea mkate na blanketi la pili.

"Utakuja Jumapili?" Refik aliuliza.

"Nitakuja."

"Unanidanganya."

"Ndiyo."

Alikaa na kikombe mapajani, akakitazama. "Basi nenda, kabla sijaanza kukuomba," alisema.

Almasa alichomoa ufunguo, akashuka, akatembea bila kukimbia. Alipofika chini ya miti, kutoka bondeni, kupitia msitu wote, ikamjia sauti nyembamba na kali ya mtoto mwenye hasira: "Mama, shingo inaniuma. Mama, uko wapi?"

Alisimama, akageuka mara moja. Refik alikuwa ametoka garini. Alikuwa akikimbia kuelekea kwake, na alipofika mwisho wa majani mafupi aligonga kitu kisichoonekana, akarudi nyuma, akakimbilia upande mwingine, akagonga tena. Kinywa chake kilikuwa wazi kabisa, mishipa ya shingo imesimama, akilitamka jina la mkewe tena na tena, na uwanda ulikuwa umetulia. Nyuma yake mlango wa gari ulifunguliwa taratibu kutoka ndani.

Almasa aliutia ufunguo mfukoni akateremka kumchukua mwanawe.